Kamati ya Kwenda Diani

Aristide Mushagalusa aliingia dukani kwa Tajudin, pale Nakivubo, kukimbia mvua tu. Kitambaa hakuwa na haja nacho. Lakini mtu mwenye kipaji hapumziki hata akilowa. Alisimama katikati ya majora akajifanya anapapasa hariri, masikio akayatega kaunta, ambako Bi Sabah, mke wa mwenye duka, alikuwa anatoa ya moyoni.

"Tangu jirani zetu warudi Mombasa hawajaivua ile bangili ya plastiki! Mwezi mzima! Jana mke kaja kuomba chumvi, mkono kaunyoosha hivi, ili niione. Eti ukiwa nayo, hotelini unakula, unakunywa, hakuna wa kukuuliza. Na sisi, Baba Shafiq? Sisi tumewahi kwenda wapi? Tunatoka Lubaga tunakuja dukani, tunatoka dukani tunarudi Lubaga."

"Tutaenda, inshallah," alisema Tajudin, macho kwenye kitambaa alichokuwa anapima.

"Ulisema hivyo Shafiq hajaota meno. Leo ana ndevu."

Mvua ikasahaulika. Aristide alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mrefu, viatu vinang'aa hata siku ya matope, na mdomo wake ulikuwa ndio shamba lake. Kampala hii hii alishauza viza za Kanada, alishauza viwanja vilivyo katikati ya kinamasi, na siku moja, tumpe haki yake, alimkodishia bwana harusi kanisa la watu. Safari ya baharini alikuwa hajauza bado. Alijishangaa alikuwa wapi siku zote.

"Samahani, Madame," alisema, akainama kidogo. "Mungu anawapenda. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Hoteli Marijani, Diani kule pwani, mimi ndiye mtu wao hapa Kampala. Kila kitu ndani!"

Tajudin akaweka mkasi chini. Alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, na katika biashara alikuwa hawezi kuacha hata sentimita ya kitambaa iende bure.

"Kila kitu ndani, maana yake nini hasa?"

"Unalipa mara moja, Papa. Ukishafika, mfuko unaufunga. Chakula, ndani. Juisi, ndani."

"Chai ya saa kumi?"

"Ndani."

"Na vitafunio vyake?"

"Papa, ukitaka kuamka usiku kula samaki, samaki yuko ndani."

Tajudin akawaza. "Mimi hufunga Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo hoteli inanipunguzia?"

Aristide alikuwa ameulizwa mengi maishani, na polisi wengine walimuuliza kwa sauti ya juu, lakini hili lilikuwa jipya. "Inapunguza," alisema.

"Basi nitafunga na Jumanne."

"Tajudin!" Bi Sabah aligonga kaunta. "Tunaenda kula ama tunaenda kufunga?"

Wakakubaliana pale pale, mambo yalikuwa yanateleza. Ilibaki pesa ya kushika nafasi tu, na Aristide akaanza kueleza kwa upole kwamba vyumba vyenyewe vinagombaniwa na Wazungu. Tajudin akamkatiza.

"Hili si jambo la mtu mmoja, ndugu yangu. Ni safari ya familia. Njoo nyumbani Jumapili, tutakuwa na mkutano."

Hapa lazima tumwonee huruma. Aristide aliijua Kampala yote, vichochoro kwa vichochoro, ila alikuwa hajawahi kuoza wala kuzika mtu ndani yake. Hakujua kwamba katika mji huu hata mtu akitaka kung'oa jino la dhahabu huundiwa kamati kwanza. Yeye neno mkutano alilisikia kwa sikio la kitapeli: familia nzima, mahali pamoja, pesa mkononi. Alitembea hadi Kalerwe anapiga mluzi.

Kalerwe ndiko alikokuwa mkewe, Bibiane, anatembeza vitenge kwa wauza nyanya na wauza matoke. Mtaji wake aliuweka katika kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda, na siku ya kwenda kununua mzigo mpya ilikuwa inakaribia.

"Niazime kopo," Aristide alimwambia. "Wiki moja. Nichapishe vipeperushi vyenye picha ya bahari, nitoe suti kwa dobi. Litarudi na mtoto wake."

Bibiane alirudisha kitenge begani. Alimpenda, hilo ndilo lililokuwa tatizo lake kubwa. "Aristide, ile pesa ndiyo chakula cha binti yetu Exaucée. Ikipotea, usiniletee hadithi. Tafuta mlango mwingine wa kubisha."

"Chérie! Mimi?"

"Wewe."

Basi Jumapili akapanda Lubaga amepigwa pasi mwili mzima. Alitegemea sebule na watu wachache. Alikuta turubai, viti vya plastiki mistari kwa mistari, sambusa, soda, na ukoo wote mpaka wale wanaokumbukwa Idi tu. Mbele alikaa mwenyekiti wa mkutano, Mzee Okidi, jirani, askari polisi mstaafu, aliyeongoza mikutano ya mtaa mzima kwa Kiswahili cha kambini. Kando yake, mwenye kapu mapajani, alikaa Bi Jannat, shangazi yake Tajudin, mweka hazina. Bi Jannat alifundisha watoto Kurani chuoni tangu ujana wake, na aliyetaka kumdanganya kwamba amehifadhi sura wakati hajaifungua, alimjua kwa namna alivyovua viatu mlangoni. Alimwangalia Aristide akivua viatu. Akatabasamu.

Aristide alihutubia. Lo! Alisema vizuri. Alieleza mchanga mweupe, alieleza mawimbi, akaeleza bibi mmoja wa Kinyarwanda aliyerudi kutoka Marijani akiwa ametupa mkongojo. Akina mama wakapiga vigelegele. Akakaa, akangoja kapu lije upande wake.

Kapu likaja, ila lilikuja tupu.

"Sasa naanza ahadi," alinguruma Okidi. "Wewe mugeni! Simama! Mutu ya hoteli! Nasaidia familia na ngapi?"

"Mimi?"

"Kwani hapa iko mugeni ingine?"

Macho yote yakamgeukia, na Aristide akapiga hesabu ya haraka. Akikataa, watajiuliza: wakala gani huyu asiyeamini safari yake mwenyewe? Na ahadi ni maneno, na maneno kwake hayajawahi kuwa na bei. Akataja kiasi kikubwa. Watu wakashangilia hadi turubai likatikisika. Bi Sabah alifuta machozi.

"Webale nnyo, ssebo, asante sana," alisema Bi Jannat kwa utaratibu. "Allah akuzidishie. Sasa kianzio."

"Kianzio?"

"Ahadi bila kianzio hatuandiki, mwanangu. Nusu."

Nusu ya kopo la Bibiane ikaingia kapuni huku Aristide akicheka meno nje, kwa kuwa hakujua uso mwingine wa kuvaa. Hata kabla hajapumua, Okidi akainua fenesi kubwa, zawadi kutoka kwa jirani, akalipiga mnada kuchangia safari. Ukoo ukaanza kutaja bei. Kila ilipopanda, watu walimtazama mtu wa hoteli, na mtu wa hoteli akajikuta anapandisha, ili tu asionekane bahili mbele ya kapu aliloazimia kuondoka nalo. Akalishinda. Alirudi nyumbani juu ya bodaboda, suti yake ya dobi, fenesi mapajani, utomvu unamchuruzikia suruali.

Bibiane alifungua mlango. Alitazama fenesi, halafu akamtazama mumewe. "Huyu ndiye mtoto wa kopo?"

"Ni mkakati," alisema Aristide.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini sasa pesa ya Bibiane ilikuwa ndani ya lile kapu, na kapu lilikuwa linajaa. Ndivyo alivyojiambia kila Jumapili: wakishajaza, watanipa mimi, nitapeleka wapi kama si kwangu? Jumapili ya pili alichelewa, akatozwa faini ya kuchelewa. Jumapili ya tatu akawahi, wakampa uenyekiti wa kamati ndogo ya usafiri kwa kuwahi, na mwenyekiti wa usafiri, akaelezwa, ndiye anayetanguliza pesa ya kushika basi. Akina mama wakaimba jina lake. Jogoo akapigwa mnada. Aristide akaenda na jogoo.

Alijaribu, tusiseme hakujaribu. Alimfuata Bi Jannat jikoni, amebeba sauti yake tamu kuliko zote.

"Maman, hoteli wananipigia simu. Nikabidhi kapu, nikawalipe, nafasi zisipotee."

"Haraka ya nini, mwanangu? Kapu hukabidhiwa mkutano wa mwisho. Kula sambusa." Akamwekea nyingine mkononi. "Mkeo hajambo? Siku moja mlete. Au nitamfuata mwenyewe. Anauza vitenge Kalerwe, sivyo?"

"Nani alikuambia?"

"Watu," alisema Bi Jannat, akageuza sambusa kwenye mafuta.

Kopo likaisha. Bibiane aliliinamisha, akaligonga chini, haikutoka hata noti. Aliweka chakula mezani cha watu wawili, yeye na binti, na usiku Aristide akalala kwenye kiti, jogoo anamtazama. Mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliogopa. Kapu la Lubaga halikuwa tena ulaji. Bila kapu hana nyumba.

Mkutano wa mwisho akafika wa kwanza, na begi tupu kwapani.

"Furaha kubwa!" Okidi alipiga meza. "Pesa natosha! Mweka hazina, nasema!"

Aristide akasimama na begi lake. Bi Jannat akasimama na kapu, akaligeuza juu chini mbele ya watu wote. Lilikuwa tupu.

"Tumeshalipa," alisema. "Shafiq alizungumza na hoteli moja kwa moja, pesa ikaenda, risiti ikarudi. Ile ya ndugu yetu Aristide tuliipigia, simu haikupokelewa. Tukasema bila shaka imejaa, kwa namna Wazungu wanavyoigombania. Tukachukua hoteli jirani yake."

Vigelegele. Tajudin akamkumbatia Aristide, akamwambia katika sikio kwamba lile punguzo la siku za kufunga, hoteli mpya wamelikataa, lakini hana kinyongo. Aristide akakunja begi lake tupu, akalirudisha kwapani.

Asubuhi ya safari alipanda tena Lubaga, bila suti. Basi lilikuwa limejaa mashuka, majiko na sufuria za pilau, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameamini kwa moyo wote kwamba chakula kiko ndani. Okidi alikuwa kiti cha mbele, kofia ya pwani kichwani, anaamrisha dereva. Bi Jannat alisimama mlangoni anahesabu watu.

"Maman," alisema Aristide kwa sauti ya chini, "mchango wangu. Naomba unirudishie. Hata nusu. Mke wangu ataniacha."

"Mchango haurudi, mwanangu. Unajua."

"Maman, ukweli ni kwamba mimi..." Neno lenyewe alikuwa hajawahi kulisema juu yake mwenyewe.

"Najua. Tangu ulipovua viatu."

"Na hukunifukuza?"

"Nikufukuze!" Bi Jannat alishangaa kabisa. "Safari hii tumeifanyia mikutano toka Tajudin ni kijana. Watu wa kweli hawatoi. Huyu ana karo, yule mtoto anaumwa, mwingine kodi ya nyumba, na huwezi kubishana nao, ni kweli. Lakini tapeli! Tapeli hawezi kukataa, akikataa watu watamshuku. Mwanangu, hakuna mchangiaji kama wewe. Nilimwambia Sabah siku ile ile: huyu ametumwa na Mungu, mpeni kiti cha mbele."

Aristide alitaka kukasirika, akaona hana pa kuanzia. Kazi ilikuwa safi. Hata yeye asingeweza kuitia dosari.

"Basi nipande," alisema. "Nimelipa. Nikale changu huko."

"Mchango wako una viti viwili, na vina watu." Akaonyesha kwa kidole.

Kwenye dirisha la nyuma alikaa Bibiane, amevaa kitenge kipya, na Exaucée pembeni yake ameshabandika uso kwenye kioo. Aristide akakimbia kando ya basi, dereva alikuwa ameshawasha injini.

"Bibiane! Unaenda wapi?"

Bibiane akasukuma kioo. Alikuwa anatabasamu, tabasamu alilokuwa hajaliona tangu kopo liondoke chini ya kitanda.

"Mtaji wangu uko Diani, Aristide," alisema. "Naenda kuula wote. Jogoo hajapewa maji."