Vumbi la Chupa ya Mjomba

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kaja tena na kikombe chake. Ya nini kukibeba hadi kwa dada yake, kama si kunichoma roho? Chama cha Wapenzi wa Mvinyo wa Kale humpa kikombe mwenye chupa bora ya mwaka. Kakipata mwaka jana, na mwaka juzi pia. Kaitazama chupa yetu kabatini, kacheka, kasema inang'aa kama imetoka dukani leo asubuhi.

Chupa yenyewe ni halali. Mvinyo mwekundu wa shamba kongwe la mizabibu, alikokuwa mpishi marehemu mjomba wa mke wangu. Alimwachia mke wangu, tuifungue tukitimiza miaka ishirini ya ndoa. Ni Jumapili hii. Tatizo, mke wangu huifuta kwa kitambaa kila Ijumaa. Usafi umetuponza.

Nimemwomba niipeleke chamani Alhamisi, siku ya kushindania kikombe, ikaonekane tu. Kakubali, ila irudi kama ilivyo. Nimeapa.

Jumanne, 4 Juni
Chupa ya kale bila vumbi ni mzee bila mvi. Nimekusanya vumbi la juu ya kabati na la chini ya kitanda. Halikushika. Nikaipaka chupa maji ya sukari kwanza, kisha nikaigaragaza kama kuku anayeoga. Imeshika barabara. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni nyingi, upara usimdanganye mtu.

Mke wangu kauliza nani kafuta juu ya kabati. Nikasema mimi. Kanitazama kwa upendo.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbaya. Mwenyekiti wa chama, daktari wa meno mstaafu, aliishika chupa kwa vidole viwili. Vikanata. Akasema chupa ya mvinyo hulazwa miaka mingi, kwa hiyo vumbi hukaa upande wa juu tu. Yangu ina vumbi hadi kitakoni. Hajamaliza kueleza, sisimizi walishapanga mstari kwenye kitambaa cha meza. Shemeji alicheka akashika mbavu.

Kanuni ya chama: chupa ikitiliwa shaka, hufunguliwa hapohapo. Nikapinga, nikasema ni ya mke wangu. Mwenyekiti akasema wenye chupa bandia wote husema hivyo. Kizibo kikatoka.

Mwenyekiti akaonja. Akavua miwani, akaonja tena. Akasema hajawahi kunywa kitu kama hiki. Glasi zikazunguka meza nzima, shemeji akiongezewa. Mimi nikafikiwa na mashapo ya chini ya chupa. Hata mashapo yalikuwa matamu, nikaumia zaidi.

Kikombe kapewa shemeji tena. Mwenyekiti kasema anayepaka vumbi hapewi. Mwenye malalamiko aje Alhamisi ijayo, na chupa nyingine.

Njiani nimemsihi shemeji asimwambie dada yake. Kasema yeye na siri ni pete na kidole.

Ijumaa, 7 Juni
Nimenunua mvinyo wa dukani, ule wa bei rahisi kuliko wote. Nimeuosha mwili wa chupa ya mjomba, nikamimina, nikagongea kizibo kwa mchi, nikaziba kwa nta ya mshumaa. Mke wangu kaifuta kama kila Ijumaa. Nimelala usingizi mnono.

Jumapili, 9 Juni
Miaka ishirini. Mke wangu kaweka glasi moja tu, mbele yangu. Kasema nianze mimi. Nikanywa. Siki tupu. Nikasifu, nikasema mjomba alikuwa mtu na nusu. Akauliza kama huu unayashinda mashapo ya Alhamisi.

Shemeji alimpigia simu kabla sijafika nyumbani.

Kasema Alhamisi usiku alilia, ila hakulilia mvinyo. Kalia kwa sababu mjomba ndiye aliyemlea, na mimi niliapa. Nilikosa pa kuweka mikono. Nimeona aibu, kweli kabisa, nikamwomba radhi.

Akaenda chumbani, akarudi na chupa nyingine, ndugu ya ile. Kumbe mjomba aliacha mbili. Alimwambia, mwanangu, moja yenu, moja ya mumeo kuharibu. Na aliniona siku ya harusi tu! Kasema tutaifungua Jumapili ijayo, hasira zikishapoa. Kaniachia mezani, kaenda kulala. Ananiamini bado. Nimeguswa sana.

Nimeichunguza. Nzuri. Ila inang'aa mno.

Safari hii nitapaka upande mmoja tu. Na bila sukari.