Mahindi ya Kona Yaliyokwenda Kuwa Ushahidi

Ausi wa Mbekenyera, mtu asiye na shamba ila ana maneno, alishuka kwenye bodaboda mtaani kwetu Nachingwea. Yeye na dereva wake walikuwa wamekoswakoswa na pikipiki nyingine pale njia panda, maana kwenye kona zote tumepanda mahindi mpaka ukingo wa barabara, na dereva haoni anayekuja. Mwingine angemshukuru Mungu. Ausi aliyatazama mahindi, akaona ndevu zimeanza kukauka.

Kesho yake alirudi na kizibao kinachong'aa kama cha watu wa barabara, panga na mkokoteni. Akatuambia kona hii inaua watu, hivyo ikatwe hatua kumi kila upande, na mahindi yapelekwe Ruangwa kwa wakubwa wake yakawe ushahidi. Hilo la kona lilikuwa kweli kabisa, ndilo lililotumaliza.

Mzee Fidelis akauliza yeye afanyeje. Ausi akamvuta pembeni.

"Babu, wewe nitakupimia hatua fupi. Usimwambie jirani."

Jirani Kornelia naye akanong'onezwa hivyo hivyo. Na mimi. Basi kila mtu akajiona mjanja, akaenda kumsaidia Ausi kufyeka ya mwenzake. Mimi, ninayesifiwa subira mtaa mzima, niliyafyeka ya Kornelia mbio mbio, kisha nikamchemshia Ausi mihogo. Tulipoinua migongo, kona zote kipara, na mkokoteni umeondoka na magunia manne.

Lakini kona ikishakuwa nyeupe, unaona mbali. Tukamwona Ausi kule mbele, kavua kizibao, anapatana bei na mchoma mahindi. Tukamfuata, Kornelia mbele na mchi wake.

"Mwanangu," akamwambia, "ushahidi wa Ruangwa siku hizi unachomwa?"

"Mama, nilikuwa natazama kama umekomaa."

Tukamrudisha na mkokoteni wake, safari ya kwa mtendaji. Hatukufika. Njiani kila mmoja alidai magunia yaliyoshiba ndiyo yake. Mzee Fidelis akaapa kwa watakatifu wote wa parokia, Kornelia akaapa kwa marehemu mama yake, nami nikaapa kwa wote hao. Aliyejua lipi limetoka wapi alikuwa mmoja tu.

Tukamletea kigoda. Mwizi wetu akakaa, akakohoa kidogo, akaamua kesi: gunia moja moja kwa kila mlalamikaji, na la nne, lililoshiba kuliko yote, ni la hakimu.

Tukaona ni haki. Mimi ndiye niliyemtafutia kamba ya kulifungia.