Adhana ya Alfajiri, Saa Tano na Dakika Tano

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kaunti nzima. Si mtaa. Si ofisi. Kaunti nzima, pamoja na vipande vya kaunti jirani ambako redio yetu husikika siku zikiwa nzuri. (Na leo, kwa bahati yangu, siku ilikuwa nzuri sana.)

Naandika haya nikiwa nimejifungia stoo, nimekaa juu ya spika mbovu. Simu nimeizima sauti.

Kwa wasionijua: mimi ndiye fundi wa mitambo katika redio moja ndogo hapa Garissa. Mtaani naitwa fundi, lakini kwenye karatasi mimi ni kibarua. Miezi tisa kibarua! Leo ndiyo ilikuwa siku ya kubadilika. Meneja wetu, Bi Hodan, aliniambia wiki iliyopita, "Abdirizak, ukitengeneza ile saa ya kompyuta ikatulia, natia sahihi barua yako ya ajira siku hiyo hiyo." Asubuhi nilipoingia ofisini kwake barua ilikuwa mezani, imeshachapwa, jina langu limeandikwa bila kosa hata moja, kalamu juu yake. Mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani wote wa mtaa wetu wa Iftin kwamba mwanawe leo anaandikwa.

Sasa hiyo saa. Kompyuta yetu ya kurusha vipindi tuliletewa na ndugu walioko Marekani. Ni yenyewe inayopiga matangazo, adhana na nyimbo kwa wakati uliopangwa, hata kama studio hakuna mtu. Mashine nzuri, ya zamani, kaidi. Shida ni kwamba ilikuja na desturi za kwao. Huko Marekani, mwaka ukifika mahali fulani watu husogeza saa mbele kwa saa nzima ili wapate mwanga zaidi jioni, halafu baadaye huirudisha. Kompyuta hupewa sheria hizo zimeandikwa: mwezi fulani, Jumapili fulani, ruka. Basi mashine yetu, iliyoko Garissa, ambako jua halijawahi kuhitaji msaada wa mtu yeyote, ilikuwa ikiruka nayo! Taarifa ya habari ya asubuhi ilitoka saa nzima kabla msomaji hajafika. Wasikilizaji wakasomewa kimya.

Nilipomweleza Bi Hodan jambo hili, aliniuliza, "Wanasogeza saa kwa idhini ya nani?"

"Ya serikali yao."

"Na jua limekubali?"

Nikamwambia aniachie mimi.

Saa mbili na nusu nikakaa mbele ya mashine. Nikatafuta Nairobi kwenye orodha ya miji. Hamna. Mfumo wenyewe umepunguzwa umepunguzwa hadi ikabaki miji ya kwao tu. Lakini mlikuwa na nafasi ya kuandika sheria zako mwenyewe: jina la majira yenu, tofauti ya saa zenu na zile za Greenwich kule Uingereza, kisha kanuni za kusogeza saa. Nikajisikia mkubwa. Ni watu wangapi Garissa wamewahi kuitungia kompyuta sheria ya wakati? (Mmoja. Na yuko stoo.)

Kwenye kanuni za kusogeza saa nikafuta zote. Kwenye tofauti, nikaandika alama ya kujumlisha na tatu, maana kila mtoto wa shule anajua Kenya iko saa tatu mbele ya Greenwich. Kumbe uandishi huu wa kizamani huenda kinyume. Humo kujumlisha maana yake ni kubaki nyuma. Aliyeupanga hivyo sijui alikuwa amegombana na nani. Mimi haya nimeyajua leo saa sita, yakiwa hayana faida tena.

Nikabonyeza. Saa ya kwenye skrini ikapepesa, ikasoma 02:40.

Nikatazama nje, jua lile la asubuhi. Nikamuuliza Mwende, mtangazaji wetu wa kipindi cha Kiswahili, aliyekuwa akipanga karatasi zake, "Mwende, saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika arobaini."

Sawasawa! Dakika kwa dakika! Nilipiga meza kwa furaha. Miezi tisa nimeitazama saa hiyo ikisoma kizungu, leo inasoma kama mama yangu anavyosoma, kuanzia jua linapotoka, na mimi nikaona ndiyo imepona. Ile sifuri ya mbele nikaichukulia kama pambo tu.

Bi Hodan akachungulia mlangoni. "Umepima?"

"Nimepima."

"Umepima mara mbili?"

"Bi Hodan," nikasema, na sauti hiyo nikiikumbuka sasa natamani kujipiga kofi, "hii ni hesabu. Hesabu haipimwi mara mbili."

Akatabasamu, akarudi kwenye meza yenye barua.

Saa tano kasorobo akafika mgeni wa kipindi, Haji Noor, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Habaswein. Mtu mzima, ndevu zake zina hina, anaheshimiwa kuanzia huko hadi Elwak. Alikuja kueleza watu jinsi ya kumtambua mbuzi mgonjwa kabla hawajamnunua sokoni. Nikamvalisha vipokea sauti kwa mikono yangu, nikamwambia, "Haji, leo mitambo iko vizuri kabisa."

"Fizuri sana, kijana," akanibariki kwa ile lafudhi yetu ya Kisomali, ambamo v huwa f na p huwa b. "Allah akuongeze."

Kipindi kikaanza. Haji akamiminika. "Mbuzi mgonjwa, yeye hakuli. Unamwekea majani, yeye anakuangalia wewe tu, kama deni. Halafu angalia bua yake. Bua ikikauka ni sawa, lakini ikitoa maji..."

Mwende akasema kwenye maikrofoni, "Na sasa ni saa tano na dakika tano, tunaye Haji Noor..."

Skrini ikasoma 05:05.

Nieleze jambo moja. Usiku redio yetu hulala. Kinachoiamsha ni adhana ya alfajiri, iliyopangwa kwenye mashine saa kumi na moja na dakika tano, na kizungu hiyo huandikwa 05:05. Na adhana tumeipa amri ya juu kabisa: ikianza, kila maikrofoni inafungwa, asije mtu akaongea juu yake.

"Allahu akbar, Allahu akbar!"

Nilidhani ni msikiti wa jirani. Kisha nikaona midomo ya Haji inaendelea kumweleza mbuzi na sauti haitoki. Taa ya maikrofoni imezimika.

Haji alipoisikia adhana alinyamaza hapo hapo, akainamisha kichwa, akaanza kuitikia taratibu kama muungwana. Mwende, ambaye ni Mkristo wa Kitui, akaninong'oneza, "Ni swala gani hii?" Duniani kote hakuna swala ya saa tano asubuhi yenye adhana.

Bi Hodan akaingia mbio, mtandio begani. "Zima!"

Nikapeleka kidole kwenye kitufe.

"Usizime! Utaikatiza adhana?"

Nikatoa kidole.

"Sasa utaiacha, watu waswali adhuhuri saa hii?"

Nikarudisha kidole. Wallahi nilisimama hivyo, kidole hewani, jasho linanitiririka hadi kwenye kiwiko. Nikikata, nimekatiza wito wa Mungu mbele ya Haji. Nikiacha, wagonjwa na wazee majumbani watatandika mikeka. Nikajipa moyo: labda watu watadhani ni mazoezi. Labda hakuna aliyefungua redio.

Hapo muadhini akafika pale ambapo adhana ya alfajiri peke yake hufika: "Sala ni bora kuliko usingizi."

Haji Noor akafungua jicho moja. Akanitazama. Akaufuata mwanga wa dirisha hadi kwenye jua, akanirudia tena.

Muadhini akarudia, maana ni sunna kurudia. "Sala ni bora kuliko usingizi."

Nilitamani sakafu ipasuke. Na haikuishia hapo! Baada ya dua mashine ikaendelea na ratiba yake, ikatoa salamu aliyorekodi Bi Hodan mwenyewe, sauti ya asali: "Assalamu alaykum, msikilizaji. Giza limeondoka. Amka, kuna mapambazuko mazuri." Bi Hodan alisimama akijisikiliza akiwaamsha watu saa tano, amefumba macho.

Maikrofoni zikafunguka. Haji akainuka kidogo, akaisoma saa ya skrini, akasema hewani, kwa upole wa kuniua, "Mimi siioni shida. Hii saa ni sawa. Ni saa tano na dakika tisa. Labda shida iko kwa muadhini."

Bi Hodan aliweka simu yake kando ya skrini. Simu ilisoma 11:09. Skrini ilisoma 05:09. "Abdirizak," akasema, "hizi zote mbili zinakaa Garissa?"

Ndipo nikaelewa. Nilielewa kwa mpigo, kama mtu anayekumbuka ameacha sufuria ya maziwa jikoni.

Mwende, maskini, akitaka kuokoa kipindi, akafungua laini za simu. Wa kwanza, mama mmoja sauti kali: "Mimi nimeamka kabla ya jogoo! Nimefua, nimepika anjera, nimepeleka watoto duksi kusoma Kurani. Sasa mimi naambiwa nimelala? Nani hapo amelala?"

"Samahani sana, mama, ni hitilafu ya mitambo," akasema Mwende. "Msikilizaji wa pili, uko hewani."

Nikaitambua ile pumzi kabla hajatamka neno.

"Hooyo? Abdirizak, hooyo?" (Kwetu mama humwita mtoto "hooyo", yaani mama, jina lake yeye mwenyewe, kwa mapenzi.) "Watu wanakusema fibaya huku Iftin. Mimi nataka kukutetea."

Nikamwonyesha Mwende kwa mikono miwili: kata, kata! Akadhani namwambia aongeze sauti. Akaongeza.

"Nyinyi watu," mama akaiambia kaunti, "msimlaumu mtoto wangu. Yeye adhana ya alfajiri hajui ni saa ngapi. Anajulia wapi? Kila siku mimi namwamsha. Leo nimemwita mara nne. Ya tano nikamwagia maji. Basi mwacheni arushe hiyo adhana mchana, labda ndio saa yake anasikia!"

Haji Noor, mtu mzima, mheshimiwa kuanzia Habaswein hadi Elwak, alicheka hadi akavua vipokea sauti. Mwende alijificha chini ya meza. Mimi nilibaki nimesimama na uso wangu, kwa sababu sikuwa na mahali pa kuupeleka. Nimeona aibu maishani, lakini hii ya leo imenipata mifupani.

Nimeirekebisha, msiwe na wasiwasi. Alama moja tu, kutoka kujumlisha hadi kutoa. Nimepima mara sita, kwa simu tatu na kwa kivuli cha mlingoti. Fundisho ni hili: mashine ikikubaliana nawe mara ya kwanza, usiishukuru. Ikague upya.

Kisha nikaenda kwa Bi Hodan, kichwa chini. Barua ilikuwa bado mezani. Aliichukua taratibu, akaifungia kwenye droo.

"Nitatia sahihi, Abdirizak. Sijakataa."

"Lini, Bi Hodan?"

"Siku ambayo kutakuwa na hitilafu hapa, na mama yako asipige simu."

Wanaomjua mama yangu wameshaelewa: mimi ni kibarua wa maisha.