Jiwe Moja, Wilaya Mbili

(Hotuba ya Daktari wa Heshima Venance Rwekaza, Mratibu Mkuu wa Mpango Mahsusi wa Kuinua Ubora wa Elimu ya Juu Ukanda wa Mpakani, aliyoitoa Kibimba, wilayani Ngara, kuanzia saa tisa alasiri, baada ya wananchi kumsubiri tangu saa nne asubuhi.)

Ndugu Mtendaji wetu wa Kijiji, mchapakazi Jovitus. Waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, mliofika na mliotuma udhuru. Baba paroko, ambaye kiti chake kitupu nakiona na ninakiheshimu. Sheikh wetu aliyetoka mbali, Biharamulo. Wazee maarufu na wazee wa kawaida. Wadau wa maendeleo, wadau watarajiwa, na wale ambao bado hawajajua kuwa ni wadau. Kikundi cha ngoma. Akina mama mliopika. Vijana mliobeba viti vya kanisani na ambao mtavirudisha. Mabibi na mabwana: mwaramutse!

(Kicheko. Hiyo ni salamu ya asubuhi.)

Asanteni kwa kicheko cha upendo. Kabla sijaanza, tusalimiane kwa salamu rasmi ya Mpango, iliyobuniwa na timu ya wataalamu sita kwenye wokishopu ya siku nne. Nikisema "Ubora!", ninyi mnajibu "Uko njiani!" Ubora!

(Wachache: "Uko njiani!" Sauti ya mzee kutoka nyuma: "Njia ipi?")

Safi kabisa. Ndugu zangu, elimu ya juu katika nchi inayoendelea kama yetu inakabiliwa na changamoto ambazo sisi wataalamu, baada ya utafiti wa kina, tumeziita changamoto, na ndiyo maana Mpango ulikaa, ukajifungia hotelini siku kumi na moja bila hata kutoka kuota jua, ukaibuka na mkakati jumuishi, shirikishi, unganishi na endelevu, wenye nguzo nne, mihimili saba na dira moja, ambao kwa lugha nyepesi ya mwananchi unamaanisha kwamba tutafanya tathmini ya andiko la upembuzi yakinifu wa mchakato, kisha tutaangalia, na tukishaangalia, tutaona.

(Makofi ya Mtendaji Jovitus.)

Na mimi binafsi sipendi kujisifu, maana sifa zangu zinajulikana na zimechapishwa kwenye kalenda ya Mpango kuanzia Januari hadi Desemba, huku Desemba nikiwa nimevaa joho. Nisingependa nizungumzie nilivyozunguka nchi tano kujifunza namna vyuo vikuu vinavyojengwa, wala nilivyopigwa picha mbele ya maktaba ambazo ukiziona, jamani, utalia. Nililia. Picha zipo.

Leo nipo hapa kwa ajili ya mtu mmoja. Mama Generoza, simama watu wakuone!

(Mama Generoza anasimama, mikono kaifunga kifuani. Hatabasamu.)

Mmemwona? Mjane huyu ndiye aliyetoa shamba hili tuliposimama, akakubali migomba yake yote ikatwe kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, wa siku mbili, ili pale palipokuwa na ndizi paote wasomi. Mpigieni makofi. Na pembeni yake ni binti yake Tecla, mwanafunzi wetu wa kwanza, namba ya usajili sifuri sifuri sifuri moja, ambaye miaka miwili iliyopita alipata nafasi chuo fulani huko Mwanza, nami kwa mkono wangu huu nikamwandikia barua, nikamwambia, mwanangu, Mwanza unafuata nini, wakati Shahada ya Ugomboaji Mizigo na Biashara ya Mpakani inakuja kukukuta nyumbani kwa mama yako, na malori yote yanayopanga foleni pale Rusumo yatakuwa maabara yako? Akaiacha Mwanza! Huo ndio uzalendo. Naona amenyoosha mkono kutoa shukrani. Mpeni kipaza sauti, lakini binti, kwa ufupi.

(Tecla: "Shikamoo mheshimiwa. Leo saa kumi na mbili jioni dirisha la udahili linafungwa nchi nzima. Barua yenu inasema nikiomba kwingine, nafasi yangu hapa inafutwa. Mwaka jana nilingoja, na mwaka juzi nilingoja. Naomba neno moja tu: chuo kipo au hakipo?")

Marahaba, binti. Swali zuri sana. Limekaa kitaaluma. Na kwa kuwa ni swali la neno moja, nitalipa heshima ya maneno ya kutosha.

(Saa kumi kasoro robo.)

Tuanze na takwimu, kwa sababu takwimu haina shemeji. Tangu chuo hiki kizaliwe kwenye makaratasi, miaka miwili sasa, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefeli. Hata mmoja! Vyuo vyenye majina makubwa vinashindwa hapo. Hakuna mtihani uliovuja. Hakuna mhadhiri aliyechelewa kipindi, hakuna mhadhiri aliyemsumbua binti wa mtu ili ampe alama, hakuna tasnifu iliyonakiliwa, hakuna kitabu kilichopotea maktaba, hakuna mgomo, hakuna bweni lililoungua. Kitengo chetu cha ithibati kilipopima vigezo vyote hivi kilitupa asilimia tisini na sita nukta nne, na hizo tatu nukta sita tulizikosa kwa sababu mkaguzi, ambaye tumeshamhamisha, aliulizia choo.

(Kicheko kirefu. Mama mmoja: "Aliulizia kwa shida, maskini!")

Mnacheka, na mcheke, kucheka ni afya. Lakini niambieni, ni chuo gani kingine duniani ambacho msongamano darasani ni sifuri?

(Mzee wa nyuma: "Na darasa lenyewe je?")

Mzee wangu, shikamoo, naomba hiyo uiache kwa kipindi cha maswali, ambacho kwa bahati mbaya muda wake umekwisha.

(Saa kumi na nusu. Tecla anaangalia simu yake. Ngoma inapigwa. Mheshimiwa anafunua kitambaa juu ya kichuguu: jiwe la msingi la zege, limepakwa rangi ya bluu ambayo bado inanata. Limeandikwa KIBIMBA. Chini ya rangi, kwa yeyote mwenye macho, linasomeka NYANTAKARA.)

Tazameni! Tazameni jiwe hilo! Naona watu wananong'ona, na najua mnachonong'ona, kwa hiyo nitasema kabla hamjasema. Ndiyo, ndugu zangu, jiwe hili mwezi uliopita lilikuwa kule Nyantakara, Biharamulo, ambako tulizindua chuo kama hiki kwa shangwe kubwa na pilau, na kesho asubuhi litarudi kule kule kwa uzinduzi wa awamu ya pili. Sasa, mtu asiye na upeo ataona hapo kuna walakini. Mwenye upeo anaona matumizi bora ya rasilimali! Jiwe moja, wilaya mbili! Dereva wetu Kaneza amelibeba kwenye pikapu mara tisa, na halijapata hata ufa. Niambieni ni jengo gani la chuo mnalolijua lisilo na ufa?

(Mtendaji Jovitus anaanza kupiga makofi, anaangalia kulia na kushoto, anaacha.)

Nikirudi kwenye swali la binti, na silikwepi, maana mimi si mtu wa kukwepa, dhana ya "kipo" katika elimu ya juu ya kisasa imepanuka mno. Wenzetu wameshaondoka kwenye majengo. Jengo ni fikra za zamani. Chuo ni dira, chuo ni moyo, chuo ni nembo, na nembo yetu mmeiona kwenye kofia, ina kitabu, ina mwenge, ina maporomoko ya Rusumo na ndizi tatu, ambazo ni kumbukumbu ya migomba ya mama yetu hapa.

(Mama Generoza anatema mate pembeni. Saa kumi na moja na nusu. Tecla: "Neno moja, mheshimiwa. Nakuomba.")

Binti, usinikatishe, niko kwenye mhimili wa tatu!

(Mama Generoza, kwa sauti ambayo haihitaji kipaza sauti: "Tecla, mwanangu, huyu hana neno. Chuo kingekuwepo angeshatuonesha kwa kidole, akanyamaza. Omba kwingine. Nilikata migomba, sikukata akili. Omba!")

Mama, taratibu, tuko na wageni. Mtendaji, dhibiti wananchi wako.

(Mtendaji Jovitus anadhibiti kalamu yake mfukoni. Tecla anafungua simu. "Imeshika mtandao wa ng'ambo tena," anasema, karibu kulia. "Ukurasa haufunguki." Vijana wanainua simu zao juu, wote wamekamatwa na mitandao ya ng'ambo ya mpaka. Mtu anapaza sauti: "Panda pale kwenye kichuguu! Panda juu ya jiwe!")

Asipande! Rangi mbichi hiyo! Binti, hilo ni jiwe la serikali... hapana, si la serikali, ni la Mpango, ila lina hadhi! Haya, amepanda. Basi nifupishe. Nilikuwa na kurasa kumi na nne zimebaki, lakini kwa kuwa mnaangalia kwingine, nitaruka moja kwa moja kwenye shukrani.

(Tecla amesimama juu ya jiwe, mkono mmoja hewani. Saa kumi na mbili kasoro dakika tisa.)

Namshukuru Mtendaji kwa mapokezi. Nawashukuru akina mama kwa maharage na ndizi, na wazee kwa rubisi ile, pombe yenu ya ndizi, ambayo nimeionja kwa niaba ya Mpango mzima. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawaandikia tukishajua ni akina nani. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mama Generoza kwa kutuazima shamba lake kwa ajili ya picha, shamba ambalo, kwa kuwa chuo hakikuwahi kujengwa, hakijengwi, na hakimo kwenye bajeti wala kwenye ramani, tunamrudishia leo mbele ya mashahidi likiwa vilevile kama tulivyolikuta, isipokuwa migomba.

(Kutoka juu ya jiwe, Tecla anapiga kelele: "Imekwenda! Wameipokea! Imeandika imepokelewa!" Uwanja unalipuka. Vigelegele, ngoma, viti vya kanisani vinapinduka. Mama Generoza amekaa chini kwenye visiki vya migomba, analia na kucheka kwa pamoja. Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Mheshimiwa anapunga mkono pande zote.)

Asanteni! Asanteni sana! Sikutegemea shukrani zangu zingewagusa kiasi hiki. Na kama mlivyojionea kwa macho yenu, jiwe la Mpango limempeleka mtoto wa Kibimba chuo kikuu! Kaneza, andika: mwanafunzi mmoja aliyesajiliwa, mwanafunzi mmoja aliyefaulu kuhama, ufanisi asilimia mia moja! Ubora!

(Umati mzima, kwa nguvu, ukimwonesha Tecla: "Umeshaondoka!")

Uko njiani, jamani, jibu ni "uko njiani". Haya, itoshe. Vijana wanne wenye nguvu, msaidieni Kaneza kupakia jiwe, Nyantakara wanatusubiri asubuhi.

(Hakuna anayesogea. Mama Generoza anainuka, anajifuta machozi kwa kanga, anapanda kichuguu, anamshika binti yake mkono amshushe, kisha anakaa yeye juu ya jiwe, na rangi ya bluu inamshika kwenye kanga. "Hili halitoki," anasema. "Yuko binti wa Dafroza, yuko wa Koleta, na wao mwakani watataka mtandao.")

Mama, shuka. Mama Generoza, nakuomba kwa heshima zote, shuka. Jovitus, mwambie ashuke.

(Mtendaji Jovitus anavua kofia yenye nembo, anaiweka kwenye kiti, anakwenda kusimama pembeni ya mama. Wengine wanafuata.)

Sawa. Sawa, msije na jazba. Mimi ni kiongozi msikivu. Kaneza, washa gari, jiwe tuliache. Na kwenye taarifa ya robo mwaka, andika hivi: Kibimba, ujenzi umeanza.