Mkanda Unaokula Kola

Celestine Nanyama,
Fundi wa Gomesi na Mashati,
Kisenyi, Kampala.
9 Machi 2004

Kwa Mkurugenzi,
Shirika la Ndege Ndogo la Kwarara,
Kampala.

Ndugu Mkurugenzi Obwona,

YAH: KUNG'OLEWA KWA MIKANDA YA BEGA KATIKA NDEGE YENU

Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, kwenye kiti kisicho na mkanda. Mimi ni mke wa Travis Wangila, rubani wenu, yule mrefu anayeinama mara mbili kabla ya kuingia kwenye ile ndege ya viti sita. Simlalamikii mtu. Nalalamikia mkanda ule unaoshuka kutoka juu, ukapita begani hadi kiunoni. Naomba mwung'oe. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, ili mtu mwenye shughuli nyingi kama wewe asipotee njiani.

1. Mkanda wenu unakula kola. Nashona shati jeupe Jumamosi, ikifika Alhamisi kola ya kushoto imesagika kana kwamba mbuzi ameilalia na kuitafuna. Wateja wangu wana macho. Wanamwona mume wa fundi anapita Kisenyi na kola iliyochanika, halafu wanapeleka vitambaa vyao kwa jirani. Wanasema mganga hajigangi.

2. Unamkwaruza shingo. Alama yenyewe ni ndefu, imevimba, na iko palepale ambapo mke mwenye hasira angempata mumewe kwa kucha. Kina mama wa jumuiya yetu kanisani Nsambya wameanza kuniombea nipate upole. Nilimweleza Vera, kiongozi wetu, kwamba ni mkanda wa ndege. Akaniombea tena, safari hii kwa ajili ya uongo.

3. Mkanda haukupimwa. Mmeufunga karibu mno na kichwa, kwa hiyo mtu mrefu unamkaba shingo na mtu mfupi unamkata sikio. Hata aliyeanza cherehani jana anajua kwamba mabega hupimwa kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Nyinyi mlipima nini? Hata hivyo sikukaa tu na kunung'unika. Nilitafuta ngozi ya kondoo, laini, nikaishona iwe kama soksi, nikampa Travis auvalishe mkanda. Fundi wenu wa ndege, Owino, akaivua asubuhi ileile. Nilimfuata hadi uwanjani, akafuta mikono na kuniambia, "Mama, hii kondoo haiko kwa karatasi ya ndege. Kama haiko kwa karatasi, haipandi." Basi kondoo wangu akarudishwa Kisenyi kwa boda, kwa kukosa hati. Namheshimu Owino, anafuata sheria. Nashangaa tu kwamba mkanda unaokaba watu ulipata karatasi upesi hivyo.

4. Unaua gomesi. Wewe ni mwanamume, huenda hujui, lakini fahari ya gomesi, vazi letu la heshima la kina mama, ni mabega yake yaliyochongoka. Mteja wangu Maimunah alipanda ndege yenu kwenda arusini Arua, mabega yote mawili yamesimama. Akashuka moja limesimama, jingine limelala kama sikio la mbwa mgonjwa. Kwenye picha zote za arusi ameinamia upande, na mashemeji wanauliza kama alipata kiharusi. Tangu hapo abiria wenu wa kike wamepata dawa. Wanaubana mkanda kwa kibanio cha nguo ili ulegee, usiwaguse. Wengine wanaukalia. Nyinyi mnaona, mnatazama pembeni. Mimi kwa upande wangu natoa kibanio kimoja bure kwa kila gomesi, kama mchango wangu kwa usafiri wa anga.

5. Huu ndio ushahidi. Ikiwa mkanda unamtesa rubani, unamwaibisha mkewe, na abiria wanaukwepa, kazi yake hasa ni nini? Nilimwambia Travis auache uning'inie, afunge wa kiuno peke yake. Travis ni mume msikivu. Wiki tatu sasa kola zake zinarudi nyumbani kama zilivyotoka kwenye pasi, shingo imepona, na ndege haijaanguka. Wiki tatu, ndugu! Imethibitika basi kwamba si mkanda unaoishikilia ndege hewani. Ng'oeni yote. Na wa kiuno pia mwutazame, maana umeanza kukunja shati kwa chini.

Nasubiri jibu lako kwa uvumilivu ninaoombewa kila Jumapili. Msalimie mama watoto, yule dada wa mapokezi asiyeinua simu, wapakiaji mizigo wote, na Owino pamoja na karatasi zake.

Ni mimi, niliyepima mabega ya nusu ya Kampala,

Celestine Nanyama

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshailamba. Bila shaka umeshasikia kwamba leo, wakati wa kutua hapo kwenye kiwanja chenu cha nyasi, gurudumu la mbele lilizama kwenye tope na ndege ikajikita kwa pua. Travis alikuwa peke yake na mizigo. Amerudi kwa miguu yake, akavua shati, na kutoka bega la kushoto hadi kiunoni ngozi imevilia damu, upana wa mkanda kamili. Nikamuuliza alama hiyo imetoka wapi, wakati yeye mkanda haufungi. Ndipo akasema kweli. Hakuacha kuufunga hata siku moja. Akifika uwanjani anavaa shati kuukuu na kuzungusha taulo shingoni, anaruka hivyo, na akimaliza kazi anavaa la kwangu na kuja nyumbani na kola safi, ili tukae kwa amani. Mume wangu amenidanganya wiki tatu nzima, nami namshukuru Mungu kwa kila siku ya uongo huo.

Ningeichana barua hii, ila namba tatu bado ina haki yake: sogezeni mkanda ukae begani, na ngozi ile ya kondoo mwitafutie karatasi. Namba nyingine zifute zote. Vibanio nitavikusanya mwenyewe, mlango kwa mlango. Na Travis akija ofisini kwako siku yoyote kuomba asiufunge, mwambie mkewe amekataa.