Kahawa ya Mama Mkwe na Mshipa wa Kuku

Leo nimeumbuka, jamani. Na ushahidi uko kwenye miwani ya mwalimu wangu.

Mnajua nimetoka Walukuba, Jinja, hadi Mbale kwa jambo moja: mtihani wa kuingia mafunzo ya kuunganisha mishipa midogo ya damu. Nafasi imebaki moja tu. Naitaka mno! Huko Jinja, hospitalini kwetu, tunaletewa wakata miwa waliokatika vidole, vidole vyao viko kwenye mfuko wa plastiki, nasi tunaishia kufunga kidonda tu. Inaniuma.

Nililala Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kwa mama mkwe mtarajiwa. Asubuhi akaniwekea kahawa ya mlimani, nyeusi tii. Mwalimu alishatuonya: siku ya kushona, kahawa marufuku, mikono itatetemeka. Lakini hebu mkatalie mama mkwe kahawa aliyoikaanga mwenyewe!

"Kunywa, mutoto yangu. Ama kahawa yetu mbaya?"

Nikanywa. Akaongeza. Nikanywa tena. (Harusi bado. Mlitaka nifanye nini?)

Mtihani wenyewe ni paja la kuku. Unautafuta mshipa wake, unaukata, kisha unaushona chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Halafu unapitisha maji mekundu kwa bomba la sindano. Yakipita bila kuvuja, umefaulu. Na kila kitu kinaonekana kwenye skrini kubwa, darasa zima linatazama.

Nikashika sindano. Lahaula! Kwenye skrini ilikuwa inarukaruka.

"Daktari, sindano yako inacheza kadodi?" akauliza Daktari Mutua, mwalimu wetu kutoka Kenya. (Kadodi ni ngoma ya tohara ya hapa. Hata mimi ningecheka.)

Nikajikaza. Nikafunga fundo la mwisho, nikatabasamu kwa majivuno (nikome!). Mwalimu akainama kutazama. Nikasukuma maji. Hayaendi. Nikasukuma kwa nguvu.

Pwaa!

Bomba likachomoka, maji mekundu yote usoni kwa Daktari Mutua. Miwani, ndevu, koti jeupe! Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Akafuta miwani polepole. "Umeshona ukuta wa mbele pamoja na wa nyuma. Umeuziba mshipa. Kingekuwa kidole cha mtu, kingekufa."

Machozi yakanitoka. Nikawaona wakata miwa wangu wote.

"Umekunywa nini?"

"Kahawa."

"Si nilikataza?"

"Ya mama mkwe, daktari."

Akavua koti lililolowa. Kisha akasema taratibu, "Hata mimi nimeoa huku. Nenda ukapumzike. Urudi saa kumi."

Saa kumi mikono ilikuwa imetulia. Akanielekeza: zile nyuzi mbili za kwanza usizitenganishe kushoto na kulia sawasawa, zisogeze mbele kidogo. Ukuta wa nyuma utaning'inia chini wenyewe, sindano haitaugusa. Nikashona polepole. Nikasukuma maji, nimefumba jicho moja.

Yakapita! Hata tone halikuvuja! Nafasi ni yangu, nami nimelia hadharani mbele ya paja la kuku.

Mama mkwe kapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mafunzo yanaanza kesho asubuhi, na sasa hivi namsikia jikoni anakaanga kahawa nyingine. Msinicheke. Niombeeni.