Malalamiko kwa Afisa wa Dirisha la Nne

Ofisi ya Naibu wa Chifu,
Kata Ndogo ya Kwa Ndolo,
Njia ya Kanyangi, Kitui.
14 Septemba 1987

Kwa Afisa wa Dirisha la Nne,
Uhamiaji, katika ule uwanja wa ndege unaoujua.

Mheshimiwa afisa mwenzangu,

KUH: KUZUIWA KWANGU NIKIWA NJIANI

Sisi huku hatujambo, mbaazi zimevunwa na mbuzi wamenenepa kiasi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu chote nilikimaliza siku ile mbele yako na hakikunifikisha popote. Tafuta mtu akusomee.

Huenda umenisahau. Mimi ni Jonah Mwangangi, yule mzee wa sare ya kaki na kofia yenye beji. Nilikuwa nikienda Kanada kumwoza binti yangu Muthoki, anayesomea uuguzi huko, kwa kijana aitwaye Gicheru, mwalimu kutoka Murang'a. Harusi ilikuwa Jumamosi, nami nikatua kwenu Ijumaa asubuhi. Ndege yangu ya pili ilikuwa inaondokea uwanja mwingine, ng'ambo ya mji. Aliyenikatia tikiti Nairobi alikuwa ameniambia kwamba hiyo ni sawa na kushuka basi moja Machakos na kupanda jingine. Wewe ukaniambia siwezi kuvuka mji wenu bila viza ya kupita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barua yangu haikuheshimiwa. Huku kwetu mtu hapati kitambulisho bila barua ya naibu wa chifu. Kwa hivyo kabla ya safari niliketi mezani nikajiandikia moja, kwamba mwenye barua hii ni mtu wa tabia njema, ninamfahamu tangu utotoni, na apewe msaada wowote atakaouhitaji. Nikatia sahihi na kupiga muhuri. Wewe uliisoma mbele na nyuma, ukauliza aliyeiandika ni nani, kisha ukauliza aliyeileta ni nani. Nilipokujibu kwamba ni mtu mmoja ulimwita mwenzako aje aone. Bwana Afisa, hapo kuna jambo gani la kuchekesha? Nani angenifahamu kuliko mimi? Tena mliirudisha bila muhuri wenu, na katika kazi hii yetu, muhuri hujibiwa kwa muhuri.

2. Ulishuku kwamba nikitoka nje nitatoroka nikaishi mjini kwenu. Nilikueleza kwa upole kwamba nimeacha mbaazi zimekauka shambani, mbuzi kumi na mmoja, kesi ya mpaka kati ya Mutie na Kisilu inayonisubiri, na mke, Kalondu, ambaye hangoji mtu. Nikakuuliza, kwa nia njema tu, kama mjini kwenu watu hupika isyo. Hukujua hata ni nini. Sasa mtu wa Kitui atorokee mahali ambapo mahindi na maharagwe hayajawahi kukutana chunguni, atafute nini?

3. Wenye pasipoti nyekundu walikuwa wakipita kando yangu bila kuulizwa lolote. Mmoja alikuwa amevaa kaptura. Mimi nilikuwa nimepigiwa pasi na Kalondu mwenyewe, mikunjo ya suruali imesimama, nikitegemea kwamba afisa akimwona afisa mwenzake atanyanyuka. Hukunyanyuka. Mtu pekee aliyeitambua sare yangu ni kijana wa mkoba mgongoni aliyeniuliza choo kiko wapi, nami nikamwonyesha.

4. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sijalipwa shukrani. Baada ya yule kijana walikuja wengine. Kufikia adhuhuri nilikuwa na foleni mbele ya benchi mliloniketisha. Mama mmoja wa Zambia alikuwa amekwama kama mimi, na vijana wawili waliotoka kisiwa fulani nisichokikumbuka. Muhuri ninao siku zote, kwa maana siwezi kumwachia karani, kwa hivyo nikawaandikia wote barua. Sijui ziliwafikisha wapi, lakini hakuna aliyerudi kulalamika. Niliamua pia ugomvi wa mume na mke juu ya nani alipoteza mfuko, na nikawazuia watoto kukimbia kwenye sakafu ile ya utelezi. Kwa siku mbili ukumbi wako ulikuwa na amani. Kwa haki, ulikuwa tayari sehemu ya kata ndogo yangu.

5. Hili la tano ndilo kubwa. Kanisani kwetu, pasta huuliza ni nani anayemtoa bibi harusi. Neno la kujibu ni fupi, lakini nilikuwa nimelifanyia mazoezi miezi mitatu, zizini, ili Kalondu asinicheke. Waumini walichanga nauli yangu kwa ajili ya neno hilo moja. Harusi ilikuwa saa nane mchana kwao, na kwa saa ya ukutani mwako ilikuwa saa mbili usiku. Saa ilipofika nilisimama, nikavua kofia, nikasema, "Ni mimi, baba yake." Nilisema kwa sauti. Yule mama wa Zambia akasema amina. Kisha nikakaa na nikalia, Bwana Afisa, na sioni haya kukuandikia hivyo. Mliponiruhusu kupita mwishowe, nilifika Kanada Jumatatu na kukuta keki imebaki kipande kimoja, na kwenye picha zote, mahali pangu amesimama jirani yao ambaye hata simjui. Muthoki alinikumbatia akasema si neno, lakini mzazi hujua sauti ya mwanawe.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwanza, sheria hiyo iondolewe. Mtu anayepita hajafika, na ambaye hajafika hawezi kuulizwa amekuja kufanya nini. Ukimzuia ndipo unapomfanya akae, na kukaa ndiko ulikokuwa unakuogopa. Pili, nipewe barua rasmi ya shukrani kwa utumishi wa siku mbili, na benchi lile liandikwe jina langu, kibao kidogo kitatosha. Tatu, na hili nakusihi, umwandikie Muthoki, kwa muhuri wa serikali yenu, kwamba saa mbili usiku ule baba yake alikuwa amesimama na aliulizwa akajibu. Mimi nimemwambia, lakini barua ya afisa ina uzito wake.

Nisalimie mwenzako aliyeitwa aje kuona, yule mama mfagiaji aliyeniletea blanketi bila kuniuliza karatasi yoyote, mtu wa chai, na rubani ukimwona. Kalondu anakusalimu pia, ingawa alitumia maneno mengine.

Ni mimi mwenzako katika utumishi wa umma, ambaye bado hajakuchukia,

Jonah Mwangangi,
Naibu wa Chifu
(muhuri)

T.B. Kabla sijafunga bahasha, Muthoki na mumewe wameshuka hapa na basi la saa sita. Wanaelekea Murang'a kwa wazazi wa kijana na wanataka kulala kwetu usiku mmoja tu. Sasa, katika kata ndogo yangu mgeni haruhusiwi kulala bila barua ya chifu wa kwao. Sheria hii niliitunga mwenyewe mwaka wa 1978, na juzi tu nimemrudisha shemeji ya Mzee Nzomo usiku ukiingia. Gicheru hana barua. Nzomo mwenyewe amekaa pale dukani akiniangalia nitafanyaje. Nimemwomba mkwe wangu asubiri nje ya ofisi. Ni kijana mwenye adabu, anasema anaelewa. Muthoki amekaa naye, amekataa chai ya mama yake, na amenitamkia jambo moja tu: "Baba, hapa hakuna dirisha. Ni wewe tu."

Basi la kurudi Machakos linapita saa kumi, na sasa ni saa tisa na robo. Tafadhali, Bwana Afisa, achana na yale maombi matatu. Niambie tu ninyi huko, mtu mkimpenda, mnampitishaje.